Swichi ya Antena ya Baba

Dada yangu ana mdomo. Nianze na hilo kabisa, mtu asije akaniuliza baadaye. Pale gereji wanamwita Bi Cheche, na wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake ya umeme wa magari. Wapi! Ni mdomo. Mteja akileta gari akajifanya mjuaji, "Fundi, hiyo ni fyuzi tu," dada humtia bisibisi mkononi na kumwambia, "Karibu basi, fungua. Mimi ngoja nivute kiti nikutazame." Watu wazima na heshima zao wameondoka pale wametahayari, na kesho yake wakarudi, maana kwenye waya hakuna wa kumfikia.

Mimi ndiye mdogo wake. Nashona viti vya magari kwenye kibanda kilichopakana na chake, katikati yetu ni bati moja tu, kwa hiyo kila anachosema nakisikia, nitake nisitake. Ananiita Sindano. Tumegombana tangu utotoni, na ikipita siku hatujagombana, muuza vipuri wa mbele yetu huja kuuliza nani anaumwa.

Sasa mtu huyu mwenye maneno yote hayo, jioni alikuwa anarudi nyumbani kwa mtu asiye na neno hata moja. Baba yetu. Mzee wa watu alikuwa dereva maisha yake yote, akaendesha magari ya wengine mpaka akapata la kwake, na kiharusi kikamwangusha akiwa analiosha. Kilichukua upande wote wa kulia, kikachukua na ulimi. Mkono wa kushoto kilimwachia, lakini unatetemeka mchana kutwa. Tulimwambia atufinye kidole akitaka maji. Anafinya, anaachia, anafinya tena, na wewe umeshika kikombe hujui kama anasema au anatetemeka tu. Daktari alisema tuwe na subira. Subira tulikuwa nayo, jibu ndilo hatukuwa nalo.

Kumwogesha ilikuwa kazi yangu, kila asubuhi kabla ya gereji, kwa sababu kuna mambo binti hamfanyii baba yake mzazi. Yaliyobaki yote yalikuwa ya dada. Kumgeuza asipate vidonda, kumlisha kwa kijiko, kufua mashuka, kukimbia nyumbani mchana kumgeuza tena, kurudi kazini na kuwatukana wateja kama vile hakuna kilichotokea. Mke wangu alikuwa akikaa naye mchana. Jioni dada huvuta kiti karibu na kitanda akaanza kumsimulia baba gari moja moja: hili lilikuwa na kutu kwenye plagi, lile mwenyewe alikuwa mkaidi. Huongea mpaka chai inapoa.

Gari la baba lilikuwa nje, chini ya kibanda cha bati, ubavu wake umekaribiana kabisa na dirisha la chumba chake. Gari dogo la zamani, lakini lina antena ya umeme, ile inayolala ndani ya bodi karibu na taa ya nyuma. Ukiwasha redio inachomoza yenyewe na kupanda, ukizima inashuka mpaka inapotea. Siku baba alipolileta nyumbani, sisi bado watoto, uwanja ulijaa majirani. Akawasha redio, antena ikaanza kupanda polepole bila mkono wa mtu, na nakwambia, hakuna aliyepumua. Shangazi alirudi nyuma akauliza, "Kaka, kuna mtu humo ndani?" Watu wakaangua kicheko. Dada peke yake hakucheka. Alikwenda akachuchumaa nyuma ya gari akaanza kuuliza maswali, na hajaacha mpaka leo.

Basi jioni moja Kaka Mkubwa akapiga simu. Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa baba, anaishi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ana nyumba pana isiyo na ngazi, na mkewe alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Dada alikuwa anamlisha baba, kwa hiyo akaiweka simu juu ya kitanda na kufungua spika. Kaka akasema anakuja Jumamosi kumchukua baba akakae kwake, na gari liuzwe kabla kutu haijalimaliza.

"Baba umemuuliza?" dada akasema.

"Nimuulize nini, Cheche? Mgonjwa haulizwi uji. Tena tuseme ukweli, baba tuliyemjua hayupo tena. Tumebaki na mwili wake tu."

Dada akakata simu. Kesho yake gereji alizunguka upande wangu wa bati, akakaa juu ya siti niliyokuwa nimeivua sponji, na hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamuuliza kulikoni.

"Sindano," akasema, "kama baba yumo, wanamhamisha kama kabati. Na kama hayumo, mimi kila jioni naongea na nani?"

Nikamsogezea chai yangu, akainywa yote, akaenda zake.

Mchana huo akaja mteja na gari lenye antena kama ya baba. Alikuwa amefunga redio mpya, anapiga nyimbo za kwenye simu, na kila akiiwasha antena inapanda bila sababu na kugonga paa la maegesho yake. Alitaka afungiwe swichi, aipandishe na kuishusha mwenyewe akipenda. Dada akamkaripia kidogo, kwa desturi, kisha akaingia kazini. Aliitenga antena na redio, akaleta swichi ya miguu sita ya kufungia waya, ile ambayo ukiiachia inarudi katikati yenyewe. Ukibonyeza juu, umeme unakwenda kwenye mota kwa njia hii, antena inapanda. Ukibonyeza chini, umeme unageuzwa, antena inashuka. Ukiachia, inasimama pale pale ilipofika. Siri yote iko kwenye waya mbili fupi zinazopishana nyuma ya swichi kama mkasi.

"Kaa ujaribu," akamwambia mteja.

Mteja akabonyeza. Antena ikapanda, ikasimama, ikashuka, ikapanda tena. Dada alikuwa amesimama nyuma ya gari, mkono juu ya buti, na nikaona amekuwa kama mtu aliyeitwa kwa mbali.

"Bonyeza tena," akasema. "Tena. Sindano! Njoo uone! Huyu anaongea!"

"Fundi, kuna tatizo?" mteja akauliza.

"Hapana, ndugu yangu. Nenda salama, asante sana kwa kuja."

Yule mteja aliondoka na hofu, maana hajawahi kusikia adabu ya aina hiyo mahali pale. Dada akafunga kibanda chake mchana kweupe, akabeba swichi nyingine, rola ya waya na mkoba wa vifaa. Kufunga mapema! Muuza vipuri alitoka nje kabisa kushuhudia.

Kazi ilimchukua mpaka Jumamosi yenyewe. Alilala chali ndani ya buti la gari la baba, akaifungua mota, akasafisha uchafu wa miaka, akailainisha ile nguzo ya antena kipande kwa kipande. Akachaji betri. Akavuta waya ndefu kutoka kwenye mota, akaipitisha dirishani, akaishusha ukutani mpaka kitandani. Swichi akaifunga kwenye kipande cha ubao, na ubao akaufunga ubavuni mwa kitanda, pale kidole gumba cha mkono wa kushoto cha baba kinapofika chenyewe. Muda wote huo baba alikuwa amelala anatazama dari, mkono unatetemeka, na sisi hatukujua kama anaona lolote.

Kaka Mkubwa aliingia dada akikaza skrubu ya mwisho. Akatusalimia, akambusu baba kwenye paji la uso, akaitazama ile waya.

"Hii nini tena?"

"Mdomo wake," dada akasema. Akamwinamia baba. "Baba, sikiliza. Tazama dirishani, antena yako ile pale, nimeisimamisha katikati. Hapa chini ya kidole kuna swichi. Ikipanda ni ndiyo, ikishuka ni hapana. Ukishajibu, irudishe katikati. Haya. Unanisikia?"

Kidole kikatafuta, kikabonyeza. Tukasikia mota ikiguna nje, na antena ikashuka.

"Umeona?" Kaka akasema kwa sauti ya chini. "Hakusikii."

"Mtu asiyekusikia atakujibuje kwamba hakusikii?" nikamwambia.

Dada akauliza tena. "Baba, mimi ni binti yako?" Antena ikashuka kidogo, ikasita, ikapanda, ikashuka tena. Akauliza kama anataka maji. Ikapanda, ikashuka. Hakuna mpangilio wala maana. Niliutazama uso wa dada nikatamani nisiwepo. Kaka akamshika bega.

"Basi, Cheche. Anachezea tu. Umefanya ulichoweza."

Ndipo baba akakitoa kidole kwenye swichi. Aliutoa mkono wote juu ya ubao, ule mkono unaotetemeka, akaunyanyua kidogo juu ya shuka. Akaulaza, kiganja juu. Kisha taratibu, kwa juhudi mpaka mshipa wa shingo ukamsimama, akaugeuza, kiganja chini. Akarudia. Kiganja juu, kiganja chini.

"Anataka kugeuzwa," Kaka akasema, akasogea kumshika mgongo.

"Usimguse!" dada akapiga kelele. "Si yeye! Waya! Anasema nigeuze waya!"

Jamani. Hebu nikueleze alivyokosea, maana ni kosa ambalo mimi na wewe tusingeweza kulifanya. Fundi wa umeme wa magari siku zote hufunga swichi akiwa amelala chini ya dashibodi, kichwa chini miguu juu, anaitazama kwa nyuma. Mikono ya dada imezoea hivyo tangu usichana wake: juu yake ni chini ya dereva. Siku ile, kwa heshima ya baba, alikaa kwenye kiti kama binadamu. Mikono haikujua. Ikafunga kama ilivyozoea, na juu ikawa chini. Maskini baba alikuwa anabonyeza ndiyo, anaona antena yake inasema hapana, anajaribu upande wa pili, anasikia mtoto wake anasema anachezea. Na kwa kiganja kimoja kinachotetemeka akamwonyesha fundi kosa lilipo.

Dada aling'oa waya mbili, akazibadilisha.

"Baba," akasema. "Unanisikia?"

Mota ikaguna. Antena ikapanda. Ilipanda taratibu, inang'aa juani, ikapita ukingo wa dirisha, ikasimama. Kisha ikarudi katikati, kama ilivyoagizwa.

Nimeona mambo kidogo duniani. Nimeona wanangu wakizaliwa. Lakini sijui kama nimewahi kusimama mahali nikajisikia mdogo vile, mbele ya kifimbo cha chuma kinachopanda na kushuka. Mke wangu alikuwa mlangoni amejifunika mdomo kwa khanga. Hakuna aliyetaka kuuliza swali la pili, tuliogopa kulivunja lile la kwanza.

Kaka Mkubwa ndiye aliyejipa moyo. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, mimi ni mtoto wako wa kwanza?" Ikapanda. Akauliza tena: "Mama... mama yupo?"

Antena ikashuka. Ilishuka mpaka kikabaki kichwa chake tu juu ya bodi, na ikakaa huko muda mrefu kabla hajairudisha. Mama alifariki mwaka mmoja kabla ya kiharusi. Kaka alilia pale pale, kwa sauti, mtu mzima na mvi zake.

Mimi nikikosa la kufanya huwa nasema upuuzi. "Baba," nikasema, "kati ya watoto wako wote, mimi ndiye mzuri wa sura?" Haikuchukua hata nukta. Antena ikashuka chini kwa kishindo! Tulicheka, tukalia, tukacheka tena, na kona ya kushoto ya mdomo wa baba ikapanda.

"Baba," dada akauliza, "yote tuliyokuwa tukisema humu ndani, ulikuwa unayasikia?"

Ikapanda.

"Yote? Na ya kwenye simu?"

Ikapanda mpaka juu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea. Kaka Mkubwa aliuficha uso wake kwenye shuka la baba, na baba akauweka ule mkono juu ya kichwa chake. Ulitetemeka pale juu ya mvi mpaka Kaka alipotulia.

Sasa dada alikuwa ameshinda, na alijua. Alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, Bi Cheche yule yule wa gereji. "Haya, mgonjwa ataulizwa uji leo. Baba, unataka kubaki hapa nyumbani na mimi?"

Antena ikashuka.

Dada akacheka kidogo. "Hapana, subiri. Hujanielewa. Unataka kwenda kwa Kaka?"

Ikapanda.

"Nimekosea waya tena," akasema. Akatoka nje mbio. Tulimwona dirishani akifungua buti, akifuata waya kwa kidole, jicho moja amelifumba. Akarudi, akaifungua swichi kwenye ubao, akaitazama nyuma, akaitazama mbele, akaifunga. Waya zilikuwa sawasawa. Alikaa kwenye kile kiti chake cha kila jioni.

"Nimekukosea nini, baba? Nimekuudhi?"

Ikashuka.

"Kelele zangu na habari za gereji, umechoka na mimi?"

Ikashuka tena, kwa nguvu.

Alibaki ametazama shuka. Akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka upande wa pili wa bati. "Ni mimi? Unaona mimi ndiye nimechoka?"

Antena ikapanda.

"Sijachoka!" dada akasema. "Nani kakwambia nimechoka? Mimi sijachoka hata kidogo!"

Baba hakuachia kidole. Antena ya umeme ikishafika mwisho wake na mtu akaendelea kubonyeza, mota haina pa kuipeleka tena, basi ile kamba yenye meno inayoisukuma antena inaanza kuruka ndani na kulia, trrr, trrr, trrr. Wateja wakifanya hivyo dada huwafukuza gereji, maana ndiyo njia ya haraka ya kuiua. Baba alikuwa dereva, alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Alibonyeza tu. Antena imesimama yote nje ya dirisha, na chini yake mota inapiga kelele.

"Baba, toa kidole. Itaungua."

Trrr, trrr, trrr.

"Baba! Mota itaungua, nakwambia!"

Hakutoa. Hakuwa na sauti nyingine ya kumpigia mtoto wake ukelele. Alimtazama dada usoni, na kidole gumba kilikuwa cheupe kwa kubonyeza. Hakikutetemeka.

Dada aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Mabega yake yakashuka.

"Haya, baba," akasema. "Haya. Nimechoka."

Kidole kikaachia. Kelele ikakatika.

Kisha dada, bila kugeuka, akamwambia Kaka, "Gari haliuzwi. Mnakwenda nalo, na huko unaliegesha dirishani kwake. Betri utachaji mwenyewe."

"Nitachaji," Kaka akasema.

"Na muwe mnamuuliza. Kila kitu. Hata uji."

"Tutamuuliza."

Akaweka kichwa chake juu ya godoro, karibu na mkono wa baba. Nilidhani analia, nikasubiri kidogo nimwache amalize. Nilipoinama kumtazama nikakuta amelala, usingizi mzito, mdomo wazi, mchana kweupe, bisibisi bado iko mfukoni. Kaka Mkubwa akasogea amwamshe, akalale vizuri chumbani kwake.

Nje, antena ikashuka mpaka chini. Tukamwacha alale.